Hesabu Niachie Mimi

Barua zimepangwa kama zilivyomfikia aliyeandikiwa. Palipopakwa wino gerezani pameachwa peusi.

*

Gereji, 3 Februari

Kaka,

Salamu nyingi. Sisi huku ni wazima wa kujikongoja. Paa la gereji linavuja palepale juu ya meza yako na mimi naweka ndoo palepale, kwa hiyo ukirudi utajua umefika nyumbani. Paka wa mlinzi amezaa ndani ya tairi la akiba. Mlinzi anasema ni baraka. Mimi nasema ni midomo mitano zaidi.

Mama. Najua umeruka mistari yote ukautafuta huu. Anakwenda kusafishwa damu Jumatatu na Alhamisi kama daktari alivyopanga, na akirudi analala mpaka kesho yake. Miguu inavimba, inapungua, inavimba tena. Ulimi ndio haujapatwa na ugonjwa wowote: juzi amemwambia muuguzi kwamba sindano yake inachoma kama maneno ya wifi. Nilimuuliza nikuandikie salamu zake. Akasema, "Andika zako." Basi hizo hapo juu ni zangu peke yangu. Ni mwaka sasa tangu uhukumiwe, nilidhani angekuwa amelegea, lakini unamjua. Wale watu waliokufa kwenye lori anawataja bado, na sahihi yako anaitaja vilevile. Anasema, "Angelikagua lile lori akakosea, ningemsamehe siku ileile. Lakini kumwandikia mtu kwamba gari ni zima bila hata kuinama kutazama breki!" Akifika hapo mimi hutoka nje.

Sasa jambo lenyewe. Pikapu imekufa. Mpira wa rejeta ulipasuka tukiwa katikati ya mlima wa hospitali, na mimi sikutazama geji ya joto mpaka moshi uliponionyesha. Silinda hedi imepasuka, ufa unaingia ukucha. Pistoni mbili zimechanika. Bloki ni nzima na kranki ni nzima, nimezikagua mwenyewe. Kwa muuza vyuma chakavu hakuna hedi ya injini yetu. Kuna ya ile injini ndogo, ndugu yake. Nimeiweka juu ya bloki: matundu ya bolti yanalingana, njia za maji zinalingana, utadhani zimetoka tumbo moja. Fundi wa jirani alichungulia akasema, "Si imeingia? Funga, unangoja nini?" Nikamwambia namngoja kaka yangu.

Inafaa au haifai? Jibu upesi. Sasa hivi Mama anapelekwa na gari la kukodi, na dereva akisikia anavyopumua anaanza kutafuta visingizio. Alhamisi iliyopita hakuja kabisa. Hatukwenda.

Mdogo wako,
Nati

*

Gerezani, 19 Februari

Mdogo wangu Nati, uliyemeza nati ya kabureta ukiwa na miaka minne ukatutia presha nyumba nzima,

Barua yako imefika na nimeicheka ile habari ya paka mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimeachiwa. Mimi sijambo. Nala, nalala, nafanya kazi kwenye karakana ya mbao. Natengeneza viti ambavyo hata adui yangu simwombei avikalie. Nina kikohozi kidogo tu, ni vumbi. Usimwambie Mama. Au mwambie, tuone atasemaje.

Alhamisi moja imepita, basi imepita. Usikubali ya pili. Mtu mwenye figo za Mama hana akiba ya siku.

Haya, hiyo hedi. Kufunga si kazi, Nati. Bolti haina akili, inaingia popote palipo na tundu. Kazi ni kompresheni. Fikiria pistoni iko chini kabisa: silinda imejaa hewa na petroli. Ikipanda juu kabisa, shehena yote ile inabanwa kwenye kinafasi kilichobaki. Swali ni moja tu: kile kilichokuwa kimejaa ni mara ngapi ya kile kilichobaki? Ikiwa mara chache mno, gari linapanda mlima kama mzee mwenye magunia. Ikiwa mara nyingi mno, hii petroli yetu hafifu haingoji cheche ya plagi, inalipuka yenyewe kabla ya wakati, na pistoni inapigwa nyundo ya kichwa kila mzunguko. Hakuna pistoni inayovumilia hilo.

Hedi ya injini ndogo ina chemba ndogo, yaani kinafasi hicho ni kidogo zaidi. Ndiyo maana usifunge kabla ya kupima. Igeuze, valvu zimefungwa na plagi iko mahali pake. Paka grisi ukingoni, funika kwa kipande cha plastiki ngumu kinachoona, chenye tundu, kisha ingiza mafuta mepesi kwa bomba la sindano mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Chemba imekunywa kiasi gani, andika. Pima gasketi ikiwa imebanwa kati ya hedi na bloki. Pima pistoni inaishia wapi ikifika juu. Na unitajie pistoni utakazoweka.

Wewe niletee vipimo tu. Hesabu niachie mimi, kama siku zote. Wewe una mikono na mimi nina kichwa, hivyo ndivyo gereji yetu ilivyosimama miaka yote hii.

Msalimie Mama. Najua. Msalimie tu.

Kaka yako

*

Gereji, 8 Machi

Kaka,

Salamu. Na uache kunichokoza na ile nati, nilikuwa mtoto na ilikuwa inang'aa.

Mvua zimeanza, ndoo zimekuwa mbili. Paka mmoja amekufa, wanne wanaendelea kula.

Mama amekosa Alhamisi nyingine, na Jumatatu moja juu yake. Najua ulichosema, usinigombeze. Siku moja gari halikupatikana, na siku gari lilipopatikana tukakuta mashine ya hospitali ndiyo mbovu. Sasa analala ameketi, ameegemea mito, anasema akilala chali anaona kama anazama. Ukiubonyeza mguu, kidole kinaacha shimo. Nilimpa salamu zako. Akauliza, "Kile kikohozi kimeisha?" Mimi sikuwa nimemwambia habari ya kikohozi. Nadhani alisoma barua yako nilipokuwa naoga.

Vipimo ni hivi. Nimepima kila kimoja mara tatu, kwa bomba la sindano alilonipa muuguzi.

Chemba ya hedi imekunywa sentimita za ujazo ████. Gasketi iliyobanwa ni milimita ████, na tundu lake ni ████. Pistoni ikifika juu inabaki chini ya uso wa bloki kwa ████. Silinda ni ████ kwa ████, sijaichonga. Pistoni za zamani hazifai hata kuzuia mlango, kwa hiyo nimechukua za namba ██████████, mpya kabisa, zimo ndani ya boksi, upana uleule na pini ileile.

Nilijaribu kuzijumlisha mwenyewe nikashindwa kujua kipi kinaingia wapi, na hata ningejua, sijui inatakiwa iishie ngapi. Miaka yote ile hukuniambia, na mimi sikukuuliza. Kuuliza si ujinga, basi nauliza leo: nifunge au nisifunge? Ukisema nifunge, nitafunga siku hiyohiyo. Ukisema nisifunge, nitatafuta hedi nyingine hata kwa miguu. Nataka neno moja tu kutoka kwako.

Nati

*

Gerezani, 27 Machi

Nati wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama na kwa hao paka walafi. Hapa mambo ni yaleyale. Yule mzee aliyekuwa akishughulika na barua zetu, ambaye alikuwa anatuuliza hata habari za watoto, amestaafu. Ameletwa kijana mwenye miwani ambaye nadhani kucheka kunamuuma. Lakini nimehamishiwa chumba chenye dirisha, kwa hiyo siwezi kulalamika.

Vipimo vyako nimevipitia. Umepima vizuri. Mara tatu kila kimoja, ndivyo fundi anavyopima, siyo kama hao jirani zako wa kukisia kwa jicho. Na hiyo injini naijua kama kiganja changu. Hedi ile ndogo nimewahi kuifunga juu ya bloki kubwa, tena zaidi ya mara moja, na magari yale yalitembea mpaka bodi likaoza injini ikabaki inadai barabara. Usiwe na wasiwasi.

Funga. Anza kukaza bolti za katikati uende nje, kwa awamu tatu, na uzipake mafuta kwanza. Usikaze kwa hasira, nakujua.

Mama asikose tena hata siku moja. Mwambie kikohozi kimeisha. Mwambie safari hii anapanda gari lililokaguliwa na mwanawe.

Kaka yako

*

Gereji, 14 Aprili

KAKA!

Salamu, salamu, salamu. Imewaka! Niliipiga mara ya kwanza ikakohoa, mara ya pili ikashika, na ikashika kwa kishindo mpaka paka wakapanda juu ya paa. Nilikaa chini palepale sakafuni kwenye mafuta nikalia kama mjinga. Mlinzi akaja kuniuliza nani amekufa.

Nguvu yake huwezi kuamini. Mlima wa hospitali, ambao zamani tuliupanda kwa gia ya pili na dua, imeupanda kwa gia ya tatu. Mama amesafishwa Alhamisi iliyopita na amesafishwa tena jana. Uvimbe wa uso umepungua. Amekula. Asubuhi ya leo amenitukana kwa sababu ya unyayo wa grisi kwenye zulia, nikajua sasa anapona.

Nilimwambia maneno yako, kwamba gari limekaguliwa na mwanawe. Alikuwa amekaa mbele, mto wake mgongoni, anatazama nje. Tulipofika juu ya mlima akapapasa dashibodi kwa kiganja, akasema, "Basi safari hii ametazama." Hiyo si salamu, Kaka, lakini inaishi mtaa mmoja na salamu. Ngoja tu.

Kuna kitu kimoja kidogo. Nikikanyaga mafuta kwenye mlima, nasikia mlio, kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Ukiachia, unanyamaza. Nimerekebisha valvu mara mbili, bado upo. Nilipotoa plagi nikaona zina vidoa vidogo vinavyong'aa, kama chembe za chumvi. Fundi wa jirani anasema ni injini mpya inajizoesha. Mama anasema ni njaa. Wewe unasemaje?

Mdogo wako mwenye furaha,
Nati

*

Gerezani, 2 Mei

Nati,

Salamu baadaye.

Usipande ule mlima. Usimpakie Mama humo. Huo mlio si wa valvu, ni petroli inayolipuka kabla ya wakati, na hivyo vidoa ni pistoni inayeyuka inarukia plagi. Chukua gari la kukodi, la jirani, la kuzoa taka, lolote lile, lakini siyo hilo. Kama hakuna budi kabisa, rudisha taimingi ya cheche nyuma, tafuta petroli iliyo bora kuliko hiyo, panda kwa gia ya kwanza na mguu usikanyage.

Nijibu jambo moja. Hizo pistoni mpya zina bakuli kichwani kama zile za zamani, au ni bapa? Hedi ndogo inataka pistoni zenye bakuli, bakuli ndilo linaloirudishia nafasi inayokosa. Niliamini utaweka za bakuli.

Na nipe vipimo upya. Usiandike tarakimu wala namba ya kifaa, kuna mtu hapa hazipendi. Andika kwa maneno, kwa vijiko vya chai. Chemba ya hedi ni vijiko vingapi, gasketi vijiko vingapi, nafasi inayobaki juu ya pistoni vijiko vingapi. Silinda yetu moja ni vijiko mia. Usiniulize kwa nini nauliza mara ya pili. Jibu siku utakayoipata hii, usiilaze.

Nimeomba nipige simu. Wamesema simu ni ya msiba tu.

Kaka

*

Gereji, 20 Juni

Kaka,

Salamu. Mvua zimekwisha. Paka wote wamepata watu wa kuwachukua.

Mama amefariki tarehe 7 Mei. Alilala hakuamka. Tulimzika kesho yake na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Yule muuguzi wa sindano alikuja, akalia kuliko mimi. Nilipeleka habari gerezani, wakaniambia watakufikishia. Siku mbili baadaye simu yangu iliita, namba ya gereza. Niliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, nikaitazama tena. Usiniulize.

Barua yako ya tarehe mbili ilinikuta tumeshazika. Hayo maswali ya vijiko sina moyo nayo. Gari nimelifunika turubai. Gereji nimeifunga kwa sasa.

Kula vizuri. Jitunze kifua.

Nati

*

Gerezani, 11 Julai

Mdogo wangu,

Pole. Pole sana. Nimeandika neno hilo nikaliangalia, halitoshi, lakini sina jingine.

Waliniambia. Yule kijana wa miwani alinisomea karatasi kupitia nondo, akasimama kidogo, akasema pole, akaenda zake. Sikumchukia siku hiyo. Simu nilipewa kwa sababu ulikuwa msiba, ikaita ikaita, nikajua una sababu.

Sijui nilie vipi humu ndani. Tunalala watu wengi chumba kimoja, mtu akilia wengine wanageukia ukutani kwa heshima, na heshima hiyo inakuzidishia. Nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba nikitoka nitamkuta mlangoni amenuna, na nitakaa palepale mlangoni hata wiki nzima mpaka aseme ingia. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Sasa nisikilize. Tarehe saba Mei ilikuwa Alhamisi. Nimeihesabu na kuihesabu. Mama siku za hospitali alikuwa anaamka kabla ya jogoo, amevaa, amekaa na mto wake anamsubiri dereva aliyechelewa hata kama dereva hajachelewa. Mama hawezi kulala asiamke siku ya Alhamisi ambayo gari linawaka. Umeniandikia uongo, Nati, na wewe si mwongo, kwa hiyo kuna kitu kimekulazimisha.

Kabla hujanijibu, acha nikuambie langu ambalo sikukuambia. Ile barua yako ya vipimo ilinifikia imepakwa wino mweusi kila palipokuwa na tarakimu. Kijana yule anaamini tarakimu ni mafumbo ya watu wanaopanga kutoroka, anaacha tarehe tu. Sikuona kipimo hata kimoja. Sikuona namba ya pistoni. Nilichoona ni "nifunge au nisifunge", na nikaona Mama analala ameketi kwenye mito. Nikasema moyoni nikimwambia aandike upya, wiki tano zinakwenda, na Mama hana wiki tano. Hiyo ni sababu ya kwanza na ni ya kweli. Ya pili ni aibu. Nilishindwa kukuambia kwamba kaka yako, kichwa cha gereji, barua yake inapakwa masizi na mtoto wa juzi naye anaipokea kimya. Nikajiambia hiyo injini naijua. Nikaandika "vipimo vyako nimevipitia".

Nilipiga sahihi bila kutazama. Tena. Na safari hii hakuna mwenye lori aliyenisukuma, nilijisukuma mwenyewe.

Nipe vijiko. Sina haki ya kukuomba kitu kingine chochote, lakini hivyo nipe. Nataka kujua nilikubali nini.

Kaka yako

*

Gereji, 6 Agosti

Kaka,

Safari hii sianzi na salamu. Zipo, zinakuja mwisho.

Chemba ya hedi ni vijiko saba. Gasketi ni kijiko kimoja na nusu. Nafasi juu ya pistoni ni nusu kijiko. Pistoni ni bapa, bapa kama kiganja. Zile za zamani bakuli lake linachukua vijiko vitatu, nimezipima nazo. Nimetumia kijiko cha Mama cha chai, kile chenye mpini uliopinda.

Ndiyo, ilikuwa Alhamisi. Alikuwa ameamka kabla yangu kama ulivyosema. Alikosa pumzi tangu usiku kwa sababu Jumatatu ile mashine ilikuwa mbovu tena, basi nilikuwa na haraka, na mvua ilikuwa inanyesha, na nilikanyaga. Nilikanyaga sana, Kaka. Mlio ukaanza. Mama akasema, "Hizo kokoto zako unampelekea nani?" Nikacheka. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya mlima. Ikapasuka kitu, moshi wa buluu ukajaa, na gari likasimama.

Nilishuka nikafungua boneti kwa sababu ndicho ninachojua kufanya. Nilisimama pale kwenye mvua nikiitazama injini yangu nzuri kama mtu anayengojea iombe radhi. Gari moja likapita, la pili likapita. Nikarudi ndani. Alikuwa anapumua kwa sauti ya maji. Akanishika mkono, mkono wote una mafuta, na Mama mwenyewe unajua alivyochukia grisi, lakini akaushika. Akauliza, "Ni injini?" Nikasema ndiyo, Mama, ni injini.

Akakaa anavuta pumzi. Kisha akasema, "Usimwandikie kwamba ni injini. Mwandikie nimelala sikuamka. Na mwandikie namsalimu."

Lori la mchanga likasimama. Dereva na utingo wake walimbeba Mama kwa mikono wakampandisha mbele. Tulikwenda kwa kasi sana. Hatukufika naye.

Agizo lake la kwanza nililitimiza, uliona. Salamu ndizo zilizonishinda, kwa sababu ningekuandikia kwamba anakusalimu, ungeuliza alisema lini, alisema wapi, alikuwa amekaaje. Unaniuliza hivyo kila mara. Kwa hiyo nilizinyamazia. Nilifikiri nakufichia wewe. Kumbe nilikuwa naogopa kwamba nimemuua mimi, kwa mguu wangu, na nimekaa na jambo hilo miezi mitatu peke yangu, siwezi kula, siwezi kushika spana, mpaka nilipofungua barua yako na kusoma habari za wino.

Nilikasirika mpaka nikaona giza. Nikaenda nikafunua turubai, nikafungua hedi. Pistoni ya tatu ina tundu linaloingia kidole gumba. Nimeiweka juu ya meza.

Halafu nikachukua penseli. Saba, na kimoja na nusu, na nusu, ni tisa. Silinda ni mia. Mia jumlisha tisa, gawa kwa tisa. Kumi na mbili na kidogo. Nikavuka barabara kumuuliza fundi wa jirani petroli yetu inavumilia ngapi. Alikuwa anakula. Akajibu na tonge mdomoni, bila hata kufikiri: "Tisa. Kumi kwa shida." Alikuwa analijua siku zote. Sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilikuwa namngoja kaka yangu. Nikarudi nikaongeza vile vijiko vitatu vya bakuli. Tisa na kidogo. Gari lingepanda mlima kwa gia ya pili, polepole, Mama ananitukana kwa ajili ya zulia.

Nilikuwa nimejimiminia chai kabla ya kuanza. Nilipomaliza ilikuwa bado ya moto. Ni kujumlisha na kugawanya, Kaka. Ni hesabu ya darasa la nne. Ungeniachia mimi.

Gereji nimeifungua tena jana. Ukitoka, kazi ipo, ila ile meza sasa ni yangu. Sijui nitakuandikia lini tena, usinisukume.

Mama anakusalimu.

Nati